Usiniambie Hajambo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe vipya vilivyonibana, na Muuguzi Mkuu wa wodi ya watoto akaniona nachechemea kabla sijamwamkia. Ilikuwa hospitali ya mjini, mwendo mfupi kutoka mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja. Nilikuwa nimetoka chuoni na nikijiona najua.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Vua viatu hivyo uvae makubadhi. Halafu nenda kitanda cha dirishani, ukae kitako, umtazame yule mtoto mpaka nkuite. Usimguse."

"Nimtazame nini?"

"Hilo ndo utakalokuja kunambia."

Nikaenda. Mama mmoja wa makamo alikuwa akimnyonyesha mtoto mchanga. Kwa adabu niliyolelewa nayo nikamsalimu, nikamuuliza, "Mtoto hajambo?" Akanijibu, "Hajambo, alhamdulillahi." Nikaridhika, nikakaa. Mtoto alinyonya kidogo, akaliachia ziwa, akahema. Akanyonya tena, akaliachia, akahema. Kipaji cha uso kilikuwa kimelowa jasho, na kipindi chenyewe kilikuwa cha kipupwe, sisi wengine tumevaa sweta.

Muuguzi Mkuu aliponiita nikamwambia mtoto hajambo, ila anatoka jasho. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na akikutazama unajiona umevunja kitu.

"Nani kakwambia hajambo?"

"Mama yake. Nimemuuliza."

"Hujamuuliza kitu. Umemwamkia, na yeye kakuitikia."

Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nimestaafu, nimesoma kozi nyingi, na hakuna somo lililonikaa kuliko hilo. Kwetu sisi neno hajambo lina kazi mbili. Ni salamu, na ni habari ya afya. Mtu wa Unguja ukimuuliza mgonjwa wake hajambo, atakwambia hajambo hata kama sanda imeshakatwa. Si kwamba anakudanganya. Kujibu vyengine anaona ni kama kumshitaki Mungu mbele ya mtu baki, au kumwita mgeni aje asaidie kubeba mzigo ambao hakuuomba. Ni adabu nzuri sana barazani. Katika kliniki ya watoto inaua, na mimi nimeiona ikiua.

"Kuanzia leo," Muuguzi Mkuu akanambia, "ukiwa na mtoto mbele yako, usitumie neno hilo. Uliza ananyonya vipi. Uliza jasho. Uliza kama anamaliza ziwa au anachoka njiani. Yule mtoto unayemwona ana tundu kwenye moyo."

Nyinyi vijana mnaoingia kazini leo mnayo picha ya moyo ukutani, na mkitaka mnautazama ukipiga kwenye simu zenu. Sisi tulielezwa kwa maneno, na nitakuelezeni kama nilivyoelezwa. Moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na katikati unapita ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Upande wa kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni ikachukue hewa. Upande wa kushoto huipokea ikiwa safi na kuisukuma mwilini, na kwa kuwa safari hiyo ni ndefu, upande huo una nguvu zaidi. Mtoto akiumbwa na ukuta ambao haukukamilika, damu ya upande wenye nguvu hupenya kwenye tundu, ikarudi kulia, ikapelekwa mapafuni mara ya pili. Mapafu yanafurika. Mtoto anahema, anatoka jasho, hanenepi, na kila akipona kichomi kimoja anapata chengine. Wengine tundu lao liko kwenye ukuta wa vyumba vya juu, na hao wanaweza kufika ukubwani bila kujua. Wengine kuta zao ni nzima, ila mshipa mdogo uliokuwa ukitumika tumboni mwa mama, ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa, umebaki wazi.

Kusikiliza nako kulikuwa na mitego yake. Damu ikipita pasipo njia yake hutoa sauti, tukiiita mvumo. Mimi nilidhani mvumo mkubwa ni tundu kubwa. Muuguzi Mkuu alinicheka. "Tundu dogo ndo lenye kelele," akanambia, "kwa sababu damu inabanwa. Ukisikia kimya kwenye kifua cha mtoto anayehema, ogopa sana." Na matundu madogo mengi huziba yenyewe mtoto anapokua. Hilo ni kweli na ni habari njema, lakini natamani tusingelisema hovyo hovyo, maana kila mzazi aliyelisikia alilichukua liwe lake.

Nilikaa wodini pale miaka mingi. Muuguzi Mkuu alistaafu, akafariki, wakaja wengine. Halafu nikapelekwa mashamba, kwenye kituo cha afya cha pwani ya mashariki, na huko ndiko nilikokutana na Raya.

Aliletwa kutoka Bwejuu na mama yake, Mize, msichana mwenyewe bado, mikono imechubuka kwa kufunga mwani. Walifuatana na bibi yake mtoto, mama wa baba, mwanamke wa maneno na mwenye heshima zake. Walikuja kwa kikohozi.

"Raya ananyonya vipi?" nikauliza.

Mize akamtazama mkwewe kwanza. "Ananyonya, ila mvivu."

"Anatoka jasho?"

"Kwa jasho huyo!" bibi akadakia. "Kajaaliwa jasho la babu yake. Babu yake akila ugali utadhani kaulima."

Nilimsikiliza kifuani. Mvumo ulikuwa mdogo, na mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Nikawaambia nashuku moyo wake una tundu, na kwamba lazima aende mjini.

"Tundu?" bibi akasema. "Mtoto mwenyewe si mtundu, tundu kalipata wapi?"

Tulicheka sote, hata Mize. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho nilichocheka na Mize akiwa hana wasiwasi.

Mjini alipokelewa na Daktari wa Moyo, mtu mpole aliyezungumza kwa sauti ndogo kama yumo msikitini. Alimfanyia eko, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonesha moyo ukipiga, na nilikuwapo kwa sababu Mize alining'ang'ania mkono. Tundu lilikuwa ukuta wa chini, kubwa, si la kuziba lenyewe. Daktari alieleza njia za tiba. Matundu mengine, yakiwa pahala pazuri, huzibwa bila ya kupasua kifua. Hupitishwa mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, na kwenye ncha yake pana kifuniko kinachofunguka pande mbili za ukuta na kukaa kama kifungo kwenye tundu lake. La Raya halikuwa la namna hiyo. Lake lilitaka kufunguliwa kifua, moyo usimamishwe, mashine ifanye kazi ya moyo na mapafu kwa muda, na daktari ashone kiraka. Wakati ule mtoto alikuwa lazima asafirishwe nje ya Unguja, na nafasi za safari zilikuwa za kungojea.

"Hawezi kungojea sana," Daktari akanambia pembeni. "Mishipa ya mapafu ikifurikwa muda mrefu, inakakamaa. Ikishakakamaa, hakuna tena la kufanya."

Raya akapewa dawa ya kukojoza, ya kumpunguzia maji mapafuni, akarudi Bwejuu kungojea aitwe. Bibi yake alimnywesha na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji. Sikumkataza. Kombe halikumzuia kunywa dawa, na yule bibi alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake.

Kabla hajaitwa, mimi nikapata uhamisho. Sikuuomba. Daktari wa Wilaya, mkubwa wetu wa kazi, alinambia kisiwani Tumbatu hawana muuguzi wa watoto, na kazi ni kazi. Nilipokwenda kumuaga Mize nilimshika mabega.

"Wakikupigia simu kutoka spitali, wakikuuliza mtoto hajambo, usiwambie hajambo."

"Nshangae! Niwambie nini basi? Nimwapize mwanangu?"

"Waambie anahema. Waambie anatoka jasho, hanenepi. Sema hivyo hivyo."

"Haya, Bi Zuhura. Nshasikia."

Alikuwa kasikia kweli. Lakini simu ilipokuja, yeye alikuwa baharini kwenye mwani, na simu ya nyumba ilikuwa ikikaa kwa bibi.

Haya nilikuja kuyajua baadaye, kwa muuguzi mwenyewe aliyepiga, na alinisimulia huku akilia. Nafasi zilikuwa chache, na watoto waliokuwa wakingojea walikuwa wengi kuliko nafasi. Wakubwa wake walimwagiza awapigie wazazi ajue nani kazidiwa zaidi. Akauliza, "Raya hajambo?" Bibi akajibu, "Hajambo, alhamdulillahi." Muuguzi, ili ahakikishe, akauliza tena, "Hajambo kabisa?" Na bibi, ambaye hakuona sababu ya kumlilia mtu asiyemjua, akasema, "Alhamdulillahi, tunaye hapa, anacheza."

Nafasi akapewa mtoto mwengine aliyekuwa taabani. Alipasuliwa, akashonwa kiraka, na leo ni mtu mzima. Nimejaribu kutafuta wa kumchukia katika jambo hili, sikumpata. Bibi alijibu kama alivyofunzwa. Muuguzi aliuliza kama anavyouliza kila mtu kisiwani. Mtoto yule mwengine naye alikuwa na haki yake. Ingekuwa afadhali pangekuwa na mshenzi mmoja wa kumtukana, nikalala.

Kisha likatokea lile ambalo nakuombeni mlijue kuliko yote niliyoyaandika hapa. Raya akatulia. Kikohozi kikakoma, kuhema kukapungua, akaanza kunenepa. Hii ndiyo hila ya tundu kubwa. Mishipa ya mapafu inapokakamaa, damu haipenyi tena kwa wingi, kwa hiyo mapafu hayafuriki, na mtoto anapata unafuu. Mvumo nao unazidi kupotea. Ukimsikiliza unaweza kudhani tundu limeziba, na pale kituoni mtu mmoja alimsikiliza akadhani hivyo. Mize, ambaye alikuwa ameshasikia kwamba matundu mengine huziba yenyewe, akashukuru Mungu, akafanya na kisomo nyumbani. Dawa ilipokwisha hakurudi kuitaka.

Mimi huko Tumbatu nilimuulizia Raya kwa kila mtu wa Bwejuu niliyekutana naye nikija mjini. Nadhani mnajua nilijibiwa nini. Nilituma salamu kwamba apelekwe kwa Daktari wa Moyo hata kama anaonekana mzima. Salamu zilifika, na zikajibiwa kwa salamu.

Niliporudishwa mjini, kwenye kliniki ya moyo, Raya alikuwa ameshaanza skuli. Asubuhi moja nikamwona Mize kwenye benchi, kavaa buibui jipya, na pembeni yake msichana mrefu, mzuri, mwenye midomo kama aliyekula zambarau. Nilitazama mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba na kucha zimejikunja kwa chini. Nilijua kabla hajapimwa.

"Bi Zuhura!" Mize akanirukia. "Shikamoo! Mwone Raya wako! Kaanguka tu skuli, kizunguzungu, walimu wakasema nimlete. Lakini hajambo."

Daktari wa Moyo alimpima kwa muda mrefu, zaidi ya ilivyohitajika. Nadhani alikuwa akitafuta pa kuanzia. Raya akatolewa nje, akapewa biskuti.

"Mama Raya," Daktari akasema, "tundu bado lipo."

"Si mulisema linaziba lenyewe?"

"Madogo huziba. La Raya lilikuwa kubwa tangu siku ya kwanza."

"Basi lizibeni nyie. Mie nshakuja, ntangoja hapa hapa."

"Haliwezi kuzibwa tena, mama."

"Kwa nini? Nafasi hakuna?"

"Nafasi ningeitafuta. Mapafu yake yamekakamaa. Damu imegeuka njia, ile isiyo na hewa inapita tunduni inakwenda mwilini, ndo maana midomo imepiga weusi. Sasa lile tundu ndo linalompumzisha moyo. Tukiliziba, moyo hautaweza kuisukuma damu mapafuni, atatufia mezani."

Mize akanigeukia mimi, wala si Daktari, akasema pole pole, "Lakini alikuwa hajambo."



Nilitoka siku ile na hasira ambayo haijanitoka. Niliandika kwa herufi kubwa, nikabandika kwenye mlango wa kliniki, HAPA HATUSEMI HAJAMBO. Wazazi walisoma, wakacheka, wakaingia, wakasema hajambo. Daktari wa Wilaya wa huku mjini akaniita ofisini.

"Bi Zuhura, unataka kuwakataza watu wa Unguja kuamkiana?"

"Nataka wauguzi waulize, mkubwa wangu. Waulize jasho, waulize kunyonya. Na mtoto akitulia ghafla, wamlete mbio."

"Hayo yafundishe. Ila lile tangazo kalitoe, linatutia aibu kwa wageni."

Nikalitoa. Nikafundisha. Niliyemfundisha leo alihamishwa kesho, na aliyekuja baada yake alianza upya na "Mtoto hajambo?" Pale kazini waliniita Bi Hajambo, kwa utani, na siku ya kuniaga nilipostaafu mtoa hotuba alilitumia jina hilo na ukumbi wote ukaangua kicheko. Nilicheka nao. Nilipewa saa ya ukutani na doti ya kanga, nikaenda zangu nyumbani, na nilipofika nikakaa juu ya kitanda na nguo zangu zote za sherehe mwilini nikalia mpaka nikachoka.

Mtasema mambo yamekuwa mazuri. Ni kweli, mashine zipo zaidi, madaktari wapo zaidi, na wako watoto wanaozibwa matundu leo ambao enzi zangu tungewazika. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini bado naona mitaani watoto wenye kuhema, mama zao wakiulizwa na jirani hajambo, wakijibu hajambo, na sina tena sare ya kunipa haki ya kumsimamisha mtu njiani. Mliokuja nyuma yangu mnaniuliza kama naona kazi yangu ilifaa. Siku nyingine nasema ndiyo ili nisikuvunjeni moyo. Ukweli, naiona kama maji niliyoyachota kwa chujio.

Raya alikua. Daktari alimpa dawa za kumpunguzia shida, zisizoponya. Alimaliza skuli kwa kubebwa ngazini na wenziwe. Alikatazwa kuzaa, kwa sababu moyo ule haubebi mimba, na alipoposwa alimwambia mposaji mwenyewe ukweli wote, na mposaji akaondoka. Bibi yake alishatangulia mbele ya haki. Alifariki akijua, maana Mize katika uchungu wake alimwambia kuwa simu ile ndiyo iliyompotezea Raya nafasi, na wanasema tangu hapo yule bibi wa maneno alipungua maneno.

Sasa Raya yuko Chukwani, kwa mjomba wake, kwa kuwa pale ni karibu na mjini na nyumba haina ngazi. Nakwenda kumtazama kila Ijumaa baada ya alasiri. Ijumaa iliyopita nilimkuta kalala ubavu, mtungi wa oksijeni pembeni, miguu imevimba. Nilimbonyeza kwenye kifundo, shimo la kidole changu likabaki. Sikuuliza kitu. Alinitazama nikitazama.

"Bi Zuhura, wewe hunambii uongo."

"Sikwambii."

"Bado kidogo, si ndiyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akafumba macho, akavuta pumzi mara kadhaa ili apate za kusemea. Nje, kwenye baraza ya nyumba, walikuwepo majirani waliokuja kumjulia hali, na sauti ya mama yake ilisikika ikiwakaribisha.

"Ukitoka watakuuliza," Raya akasema. "Nakujua wewe na neno lako. Lakini Mama yuko pale, na usiku wa leo mie nataka alale. Waambie lile."

Nilimfunika miguu. Nilimbusu kipaji, na kilikuwa kimelowa jasho, kama cha yule mtoto wa dirishani, siku yangu ya kwanza wodini.

Nilipotoka barazani wanawake wote walininyanyulia uso. Mize alikuwa kasimama na birika mkononi, kainamisha juu ya kikombe, hamimini, ananitazama mdomo.

"Bi Zuhura," jirani mmoja akauliza, "Raya hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

"Alhamdulillahi," wakaitikia wote, na Mize akamimina chai.